Nimeahidiwa tiketi za Arsenal kwa WhatsApp: je, nitume hela?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, shabiki wa Arsenal tangu enzi za Thierry Henry. Mwanangu ana miaka 12, amefanya vizuri shuleni, na nimemwahidi kwamba Desemba shule zikifungwa nitampeleka London kuona mechi Emirates, uwanja wa Arsenal. Shemeji yangu anaishi Barking, atatupokea. Kuna kijana nimeunganishwa naye WhatsApp, anasema ana tiketi mbili, pauni 320 kila moja. Anataka nitangulize nusu, halafu atanitumia picha za tiketi. Wengine wananiambia niende tu, tiketi nitapata siku hiyohiyo ya mechi kama tunavyofanya Kwa Mkapa. Nimeambiwa pia kwamba nikiambatanisha tiketi kwenye maombi, viza haikataliwi. Shemeji yeye anasema niachane na Arsenal, twende tukaangalie timu ndogo. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, nianze na la haraka: huyo kijana usimtumie hata senti. Mengine yote katika safari yako yanarekebishika, lakini hela ukishamtumia mtu usiyemjua, iwe kwa simu au kwa benki, kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Nimekuelewa. Umeshamwahidi mtoto, Desemba inakuja mbio, na kila unayemuuliza ana jibu lake. Ahadi yako inatimizika, tena bila kulanguliwa. Kwa takwimu za VisitBritain, bodi ya utalii ya Uingereza, mwaka 2019 wageni wapatao milioni 1.5 kutoka nje walihudhuria mechi ya soka wakiwa safarini nchini humo, na wakatumia takriban pauni bilioni 1.4. Penye fedha nyingi namna hiyo walanguzi hawakosekani, na wanayemtafuta zaidi ni mgeni aliyeshakata tiketi ya ndege huku tiketi ya uwanjani hana.

Tuanze na hiyo picha. Tiketi ya Emirates siku hizi si karatasi. Ni ruhusa ya kuingia iliyowekwa ndani ya simu ya mwenye uanachama, kwenye ile pochi ya kielektroniki ambamo watu huweka kadi za benki. Simu huongea na mashine ya getini kwa mawimbi ya karibu sana, kama unavyogusisha kadi dukani. Ukiipiga picha unapata mchoro tu, na ile ruhusa inabaki kwenye simu ya mwenyewe. Geti lenyewe ni jembamba, chuma kinachozunguka, mtu mmoja mmoja. Unasogeza simu, taa ya kijani inawaka, chuma kinalegea, unasukuma kwa kiuno unapita. Ikiwaka nyekundu chuma hakisogei, na msimamizi mwenye koti la kung'aa atakuomba upishe wenzako. Kwenye viwanja vingi tiketi ya punguzo ya mtoto huwasha taa ya rangi nyingine, kwa hiyo hata ile hila ya mtu mzima kuingilia tiketi ya mtoto hugundulika hapohapo.

Mlanguzi basi anakuuzia nini? Kuna asiyekuwa na kitu kabisa. Huyo atapokea nusu yako na kubadilisha namba. Kuna anayeuza asichokuwa nacho bado: anatangaza "viti viwili pamoja", anachukua hela, kisha ndipo anaanza kuvitafuta, na akivikosa anakwambia tiketi zimefutwa. Wapo pia wenye tiketi za kweli zilizokusanywa kwa akaunti za watu wengine. Hao hukupa maelezo ya kuingilia kwenye akaunti ya mtu, au hukukabidhi simu nje ya uwanja uingie nayo na kuirudisha baada ya mechi. Hapo unaweza ukapita. Lakini klabu ikibaini hufuta tiketi, hata ukiwa umeshakaa, na anayetolewa kitini ni wewe na mwanao. Ningekuwa na mtoto wa miaka 12 pembeni yangu, hilo la mwisho ndilo lingeniogopesha kuliko yote.

Isitoshe, huko England biashara hiyo ni kosa la jinai. Kifungu cha 166 cha sheria ya haki ya jinai na usalama wa umma ya mwaka 1994 kinakataza kuuza tiketi ya mechi hizi bila idhini ya mwandaaji, hata kwa bei ileile iliyoandikwa. Anayeshtakiwa ni muuzaji, si mnunuzi. Mnunuzi adhabu yake ni kubaki nje. Sheria hiyo ina sababu yake: Waingereza wanatenganisha mashabiki wa timu mbili kwa makini sana, na tiketi ikishazunguka mikononi mwa watu hakuna anayejua nani amekaa wapi.

Kuhusu kupata tiketi siku ya mechi: Kwa Mkapa unaweza kuamka asubuhi, ukalipia kwa N-Card, ile kadi yetu ya malipo, ukaingia. England kwa timu kubwa sahau, na sababu inaanzia mbali. Tarehe 15 Aprili 1989 msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ulisababisha vifo vya mashabiki 97 wa Liverpool. Ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ikaelekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa pekee, kila mtu na kiti chake. Tangu hapo mtu ni kiti na kiti ni mtu. Hata sehemu za kusimama zilizoruhusiwa tena kuanzia 2022 zina reli, na kila mtu ana namba ya nafasi yake. Hakuna kubananabanana wala "mpishe na huyu".

Sasa hesabu. Emirates ina viti 60,704. Zaidi ya nusu vina wenyewe, wenye tiketi za msimu, na wapo wanaosubiri kwa miaka kupata nafasi hiyo. Toa viti vya wageni, ambavyo kwa Ligi Kuu hufika 3,000. Toa sehemu za huduma maalumu zenye chakula. Kinachobaki kinagombewa na wanachama waliotapakaa dunia nzima, kwa hiyo hakuna kinachofika kwenye dirisha la kuuzia watu wa kawaida.

Njia ya kweli, basi, ni uanachama. Unajisajili kwenye tovuti ya klabu yenyewe. Kwa vilabu vikubwa ada ya mtu mzima kwa msimu huwa kati ya pauni 30 na 50 hivi, na ya mtoto huwa chini ya hapo. Kila mmoja lazima awe na wake, wewe na mwanao. Watu wengi hukosea hapa: baba anajisajili peke yake akidhani atanunua mbili. Mkishasajiliwa, unganisha akaunti zenu ndani ya mfumo wa klabu kabla ya kuomba, la sivyo mnaweza kupata kiti kimoja, au viwili vilivyo mbalimbali. Tumia majina yaleyale yaliyo kwenye pasipoti. Halafu unaingia kwenye droo, yaani bahati nasibu ya kugawa tiketi, ya kila mechi unayoitaka. Droo hufunguliwa wiki nyingi kabla ya mechi, kwa hiyo anayeanza kuulizia mwezi wa kumi na moja ameshachelewa.

Kuwa mwanachama hakukuhakikishii kiti. Kama tarehe zako zinaruhusu, omba mechi zote za nyumbani zinazoangukia humo, na usiidharau ya Jumatano usiku dhidi ya timu ya katikati ya msimamo. Ukikosa droo lipo soko la ndani la klabu, ambako wenye tiketi za msimu wasioweza kwenda hurudisha viti vyao na wanachama huvinunua kwa bei ya kawaida. Viti huonekana kimojakimoja, hasa siku za mwisho, na kupata viwili vya pamoja kunataka subira na intaneti nzuri. Ukiwa unahitaji viwili, ningekushauri usiweke matumaini yote hapo.

Zile pauni 640 ulizotajiwa kwa tiketi mbili zipime hivi. Tiketi ya kawaida ya mtu mzima kwenye timu kubwa mara nyingi huwa kati ya pauni 30 na 100 hivi, kutegemea mpinzani na jukwaa. Kama uko tayari kutoa mamia, basi yatoe kwa klabu yenyewe. Vilabu huuza vifurushi vya huduma maalumu: kiti kizuri, na kwa vingi chakula au sehemu ya kupumzikia. Huanzia pauni mia kadhaa kwa mtu, na kwa mechi kubwa hupaa. Ni ghali, sikufichi. Lakini havina droo, mnakaa pamoja, na unalipa kwa kadi ukiwa na risiti. Kwa mtu mwenye wiki moja tu na ahadi ya mtoto, hii ndiyo njia yenye uhakika kuliko zote. Wakala akikuuzia kifurushi, mtafute kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na klabu. Ligi Kuu nayo huchapisha orodha ya tovuti zisizo na idhini, na inafaa uisome kabla hujaingiza namba ya kadi yako popote.

Shemeji yako sasa. Mpe haki yake, maana ana hoja nzuri kuliko anavyojua. Kinachowavuta watu kwenye viwanja vya England si ukubwa. Cha Mkapa kinaingiza watu 60,000 pia. Tofauti ni umbali. Kwa Mkapa kuna njia ya riadha kati yako na mchezaji. Viwanja vingi vya England vilijengwa kwa ajili ya soka peke yake, vikabanwa katikati ya nyumba za watu na reli, na jukwaa linaanzia hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni. Ukikaa safu ya tano unasikia beki anavyomfokea mwenzake, unasikia mguu ukigonga mpira kabla umati haujapumua. London Stadium ya West Ham, iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, ina viti zaidi ya 60,000, na mashabiki wake wenyewe wamelalamika miaka yote kwamba wako mbali na uwanja. Nenda Loftus Road ya QPR, yenye watu kama 18,000, uone mpira ulivyo karibu. Au Craven Cottage ya Fulham, kando ya mto Thames, ambako jukwaa la Johnny Haynes limesimama tangu 1905 na bado lina viti vya mbao. Fulham wako Ligi Kuu na bei zao si ndogo, lakini kwa miaka mingi walijulikana kwa sehemu ya watazamaji wasio na upande, jambo adimu England.

Kwenye madaraja ya chini mambo ni mepesi. Kwenye Championship, League One na League Two, yaani daraja la pili, la tatu na la nne, timu kama QPR, Charlton na Leyton Orient, zote za London, mara nyingi huuza tiketi kwa yeyote kwenye tovuti zao hadi siku chache kabla, wakati mwingine hadi siku yenyewe. Bei ni nafuu, ya mtoto zaidi. Arsenal ya wanawake nayo icheki: msimu wa 2025/26 klabu ilihamishia mechi zake zote za nyumbani za ligi Emirates, na hapo mtoto anapata uwanja uleule, rangi zilezile na wachezaji wa kiwango cha juu, bila vita vya droo. Mashindano ya vikombe pia hulegeza mambo kidogo. Robo fainali za Kombe la Ligi huangukia katikati ya Desemba, na raundi ya tatu ya Kombe la FA, ambamo timu za Ligi Kuu huingia, huchezwa Januari. Kama mwanao anaona Kombe la Ligi ni dogo, mkumbushe kwamba ndilo lililompa Mbwana Samatta bao lake la Wembley, Machi 1, 2020, Aston Villa walipofungwa 2-1 na Manchester City.

Ningekuwa wewe ningepanga mechi mbili: ya daraja la chini ambayo nina uhakika nayo, na ya Emirates ninayoiombea droo. Ikikosekana kabisa, yapo matembezi ya kulipia ndani ya Emirates: vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya kutokea, benchi la ufundi. Kwa kawaida hayafanyiki siku ya mechi, kwa hiyo yawekee siku yake. Kutoka hapo tembeeni dakika chache hadi Avenell Road, mkaone uso wa jukwaa la mashariki la Highbury. Klabu ilihama hapo mwaka 2006, ndani pamegeuzwa nyumba za kuishi, lakini ukuta ule umehifadhiwa. Shabiki wa enzi za Henry hutasimama mbele yake ukabaki kawaida.

Tarehe zina mitego yake. Ratiba hutoka mwezi Juni, lakini tarehe utakayoiona si ya mwisho. Mechi huhamishwa kwa ajili ya televisheni na kwa ajili ya mashindano ya Ulaya: ya Jumamosi saa 9 alasiri inaweza kwenda Jumamosi saa 6 na nusu mchana, saa 11 na nusu jioni, Jumapili, au hata Jumatatu saa 2 usiku. Panga muwe London kuanzia Ijumaa hadi Jumanne inayofuata, na ununue tiketi ya ndege inayobadilishika. Desemba saa zetu ziko mbele kwa tatu, ndiyo maana mechi uliyozoea kuiangalia saa 12 jioni Dar, kule ni saa 9 alasiri. Jua huzama kabla ya saa 10 jioni na baridi ni ya kweli, hivyo mtoto avae nguo mbili tatu chini ya koti, na soksi nzito, maana kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki miguu ndiyo huumia kwanza. Usijenge safari juu ya tarehe 26 Desemba ukidhani Ligi Kuu nzima inacheza: mwaka 2025 ilibaki mechi moja tu siku hiyo, Manchester United na Newcastle. Madaraja ya chini ndiyo yaliyojaza ratiba. Na tarehe 25 treni za London hazitembei kabisa.

Viza. Uliyoambiwa si kweli, na ni ya hatari. Afisa anapima mambo matatu: sababu ya safari ni ya kweli, una uwezo wa kuigharamia, na utarudi nyumbani. Tiketi inagusa la kwanza tu, tena kidogo. Kinachosema zaidi ni taarifa za benki za miezi sita zinazoendana na kipato chako, barua ya mwajiri au nyaraka za biashara, na barua ya shemeji yenye anwani na nakala ya uthibitisho wa ukaazi wake. Ukiambatanisha ile picha ya WhatsApp ikabainika ni ya kughushi, maombi yanaweza kukataliwa kwa hati ya uongo hata kama hukujua. Ikithibitika kuwa ulidanganya makusudi, marufuku inaweza kufika miaka 10. Ada ya viza ya matembezi ilipanda hadi pauni 127 Aprili 2025 na hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo itazame upya kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Mtoto hulipa sawa na mtu mzima. Mapema kabisa unaweza kuomba miezi mitatu kabla ya kusafiri, yaani ukiondoka tarehe 10 Desemba, kuanzia 10 Septemba. Baada ya kuchukuliwa alama za vidole, majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu. Mtoto anaomba kwa fomu yake, na wewe utajwe humo kama msindikizaji. Kama mama yake hasafiri, beba cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Ndege usiilipie kabla ya viza. Droo ya Emirates ikikuangukia kabla ya majibu ya viza, nunua: viza ikikwama, jaribu kuirudisha kwenye soko la ndani la klabu, kama masharti yao yanaruhusu.

Kama umewahi kunyimwa viza, au malezi ya mtoto yana mgogoro, usiandike maombi peke yako. Kaa ana kwa ana na mwanasheria wa uhamiaji. Kama mshauri yuko Uingereza, hakikisha ni wakili aliyesajiliwa au yuko kwenye daftari la Immigration Advice Authority. Na ikiwa wakati unasoma hapa umeshatuma ile nusu, nenda leo hii kwa mtandao wa simu au benki yako, kisha kituo cha polisi, ukiwa na mazungumzo yote ya WhatsApp bila kufuta hata moja.

Siku yenyewe: begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, na kamera kubwa iache nyumbani. Simu ijae chaji na tiketi iwe imeshapakuliwa kabla hamjatoka, maana nje ya uwanja mtandao huelemewa. Noti weka kando, viwanja vingi vinapokea kadi tu, kwa hiyo iombe benki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje. Mkienda kwa QPR au Charlton, jezi ya Arsenal ibaki kwa shemeji, kwani mwenye jezi ya timu nyingine kwenye jukwaa la wenyeji anaweza kutolewa. Fikeni saa moja na nusu kabla. Msiende moja kwa moja kununua chakula. Pandeni kwanza ngazi za jukwaa lenu wakati viti bado vitupu na mitambo inamwagilia nyasi, ili mtoto auone uwanja kabla watu hawajamziba.

Kutoka Barking msizunguke katikati ya mji. Pandeni treni ya Overground, njia ya Suffragette, hadi Blackhorse Road, mbadilishe kwenda Victoria line na kushuka Finsbury Park. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu. Kituoni mwombe mhudumu amwekee mwanao punguzo la mgeni mdogo kwenye Oyster, kadi ya nauli ya London: ni la umri wa miaka 11 hadi 15, nusu nauli, hadi siku 14. Mechi ikiisha msiingie kwenye foleni ya kituo cha Arsenal, ambako umati wote hukimbilia. Kaeni vitini dakika ishirini, mtoto aangalie wafanyakazi wakiziba mashimo ya nyasi, kisha mrudi taratibu Finsbury Park kwa njia mliyojia.